Siku Tunu Alipomgawa Issa

Kama kulikuwa na mtu pale mtaani Isevya asiyejua kwamba Issa ameamka, basi mtu huyo alikuwa kiziwi au alikuwa safarini. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka miwili na ushei, na sauti ya mpiga debe wa stendi. Asubuhi hiyo alianza na uji. Nusu aliunywa, nusu akajipaka kichwani taratibu kama mtu anayejipaka mafuta siku ya Idi, na alipoona bado umebaki, akaumimina kwenye kiatu cha mama yake. Tunu akamvua, akamwogesha, akamvika nguo safi. Aligeuka kidogo tu kuanika taulo. Alipogeuka tena, mwana alikuwa amekwisha kuketi kwenye majivu ya jiko na kuyarusha juu, akiyaangalia yanavyomshukia.

"Issa."

"Hapana," alijibu Issa. Neno hilo alilijua vizuri kuliko maneno yote, na alilitumia hata alipoulizwa kama anataka andazi, huku mkono umekwisha kulishika.

Tunu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, kwenye nyumba aliyoijenga baba mkwe wake, na mkono wake ulisifiwa kwa nguo za harusi. Mumewe, Selemani, alikuwa katika pori la Ugalla kwenye mizinga ya nyuki tangu mvua zilipokatika, na simu yake ilishika mtandao pale tu alipopanda juu ya kichuguu kimoja kilichokuwa mbali na kambi. Basi nyumba ile ilibaki na watu wawili: mwanamke na mtu anayesema hapana.

Si kwamba watu walimwambia Tunu wamemchoka mtoto wake. Wangemwambia, angejibu. Walichofanya ni kupungua. Ilianzia kwenye hitima nyumbani kwa Mwanamkuu, mama wa makamo aliyekuwa na neno katika kila shughuli ya mtaa. Wanawake wakiwa wanasubiri dua iishe, Issa aliponyoka mikononi mwa mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye sinia la pilau, akaketi ndani yake. Hakuanguka, aliketi, akajiweka sawa, akachagua kipande cha nyama. Wengine walicheka. Bibi mmoja alisema, huku akinawa mikono ambayo bado haijala, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Tangu hapo shughuli nyingine Tunu alizijua kwa harufu ya iliki iliyovuka ukuta.

Hata wateja walibadilika. Zamani walikaa barazani, wakanywa chai, wakawasema watu. Sasa walisimama mlangoni na mfuko wa kitambaa wameuinua juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto, wakataja vipimo, wakaaga. Kuna siku jua lilizama na Tunu akagundua kwamba hajasema na mtu mzima tangu asubuhi. Alikuwa amesema sana, koo lilimwuma kwa kusema, lakini maneno yote yalikuwa shuka, acha, toa mdomoni. Huo ni upweke mbaya, kwa sababu mtu hata hawezi kuulalamikia. Utasemaje upo peke yako na mtoto amekung'ang'ania gauni?

Aliyebaki kuingia ndani bila kuogopea nguo zake alikuwa Gaudensia.

Gaudensia alikuwa Mgogo wa Manyoni, mjane wa mfanyakazi wa reli, mama mwenye mvi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Tunu. Wanawe walikuwa Dar es Salaam na Arusha, wakimtumia salamu kwa simu. Na Wagogo na Wanyamwezi, kama inavyojulikana, ni watani. Ni mambo ya tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani, wakikatiza Ugogo kwenye ukame, na wenye nchi wakiwatoza hongo ya njia kwenye kila kisima. Wapagazi wamekufa, watoza hongo wamekufa, wajukuu wamebaki kutukanana kwa mapenzi. Mtani huingia bila hodi. Hufunua chungu chako, hula, hulaumu chumvi. Akikuta msiba kwako hujilaza kaburini mpaka apewe kitu. Na sheria ya mchezo huo ni moja, kila mtu anaijua: mtani hakasirikiwi. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

"Mpagazi, umeamka?" Gaudensia alikuwa akiita kila asubuhi akitoka misa. "Mzigo wako umekwisha kuoga majivu, naona."

"Pita zako, mtoza hongo. Huku tuna visima vyetu."

"Visima mnavyo, akili ndiyo ya kukopa." Hapo alikuwa amekwisha kuingia, amefunua sufuria, ametia tobolwa mdomoni. "Viazi vikavu tena? Ndiyo maana babu zenu walibeba mizigo, hamkuwa na chakula cha kuwatuliza nyumbani."

Tunu alikuwa akijifanya kununa. Lakini kama Gaudensia alichelewa, mguu wake kwenye cherehani ulikwenda polepole, na jicho likawa njiani.

*

Mwanamkuu alikuwa akimwoza binti yake, na pamoja na yote yaliyotokea kwenye sinia, hakuona fundi mwingine wa kumpa lesi ya bibi harusi. Alikuja kuitazama nguo siku ya Jumanne, yeye na dada yake. Tunu alikuwa amefagia baraza mara mbili. Alikuwa amemzuia Issa ndani kwa kumpa vifuniko vya sufuria vyote, akaomba Mungu vitoshe.

"Kwa kweli, Tunu," Mwanamkuu alisema akiushika ukosi wa gauni, "mkono unao. Hapa umenipatia."

Tunu alishusha pumzi. Ilikuwa sifa ya kwanza kuisikia kwa muda mrefu kutoka kwa mtu aliyeketi. Alikwenda ndani kuleta chai, akiwaza kwamba labda watataka sukari nyingi, labda watakaa.

Wakati huo vifuniko vilikuwa vimekwisha kumchosha Issa. Chini ya meza alikuwa amegundua chupa ya mawese iliyoletwa na treni ya Kigoma, na kizibo chake kilikuwa kimelegea. Alitia mkono wote. Aliupenda ule wekundu. Akatoka nao barazani, nyuma ya wageni waliokuwa wakichagua vifungo mezani, akatafuta mahali pa kuufutia, na pale penye mwanga palikuwa na kitu cheupe kinachoning'inia, laini, kilichokuwa kana kwamba kinamngoja yeye.

Tunu alirudi na chai akakuta wageni wamegeukia gauni. Kwenye lesi, kuanzia kiunoni mpaka chini, kulikuwa na viganja vidogo vyekundu vimepangana kama mtu aliyepanda ngazi.

"Mimi sina neno na mtoto," alisema Mwanamkuu, na utaratibu wa sauti yake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mtoto ni malaika. Mama yake ndiye ninayejiuliza anafanya nini kutwa."

"Kutwa nzima yupo naye," dada yake aliongeza, "mmoja tu. Sisi tulilea sita na nyumba ikang'aa."

Tunu aliiweka chai chini. Masikio yalimwaka. Alitaka kuwaambia kwamba huyo mmoja ni wengi, kwamba tangu Selemani aondoke hajala chakula cha moto, kwamba usiku mtoto humlalia usoni. Machozi yalikuwa karibu, na aliona haya kulia mbele ya wanawake waliolea sita. Ndipo Gaudensia alipoingia, kapu la mboga mkononi.

"Mpagazi, leo mmepika nini? Au mmepika mtoto?"

Tunu alimnyanyua Issa kwa makwapa, mawese yakimtiririka viwikoni, akamsukumizia Gaudensia kifuani. "Mgogo, mchukue. Nimekupa. Mchukue na makelele yake, na meno yake, na kila kitu. Simtaki."

Gaudensia aliweka kapu chini. Aliwatazama wale wageni mmoja mmoja. "Mmesikia? Sikuomba, nimepewa. Mpagazi ametua mzigo, na mzigo uliotuliwa mbele ya Mgogo ni wa Mgogo. Mashahidi mpo?"

"Tupo," alisema Mwanamkuu, na kicheko kikamtoka bila kutaka. Dada yake alikuwa amekwisha kushika mbavu. Gaudensia alifungua kanga, akamtia Issa mgongoni na mawese yake yote, akatoka akiimba kama mtu aliyerudi kutoka sokoni na faida. Watu wa nje walimwuliza amebeba nini. "Nimegawiwa Mnyamwezi," aliwajibu. "Nitamfuga."

Kicheko kile kiliokoa mambo. Mwanamkuu alipomaliza kufuta macho, hasira ilikuwa imepoa. Waligeuza lesi huku na huku, wakaona kipande kilichobaki kinatosha sketi mpya, na sehemu safi za kile kilichoharibika zikatwe mikono ya gauni la mtoto wa maua. Mwanamkuu alikunywa chai. Alikaa. Wakati wa kuaga alimpiga Tunu begani na kusema, "Mtani wako kakusaidia leo. Mwache akae naye, wewe shona."

*

Tunu alishona. Cherehani ilikwenda bila mtu kutia kidole kwenye gurudumu. Alikula ugali ukiwa bado unatoa mvuke. Alikwenda chooni, akafunga mlango, na hakuna aliyeugonga kwa kichwa. Alikaa humo kuliko ilivyohitajika, kwa anasa tu. Aliokota vifuniko vyote, akavipanga, na vilipangika. Alirudi baada ya muda kuvitazama, vikawa vilevile.

Alasiri kimya kikaanza kubadilika. Alijikuta akisema "acha" kwa sauti, na hapakuwa na wa kuacha. Alifunga kazi, akajitanda kanga, akaenda kwa Gaudensia.

Alimkuta Issa ameketi juu ya mkeka, amenawa, amepakwa mafuta, anakula ugali kwa mlenda. Anakula. Tonge lilitoka sahanini likaenda mdomoni, na njiani halikupita sikioni. Mkeka ulikuwa safi. Tunu alisimama pale na kitu kikamchoma ambacho hakukitegemea. Alikuwa amejizoeza kuamini kwamba mtoto ndivyo alivyo, kwamba hakuna ambaye angemweza.

"Issa, mwanangu, twende."

"Hapana," alisema Issa bila kuinua macho.

"Umesikia mwenyewe," alisema Gaudensia. "Amepata kwao. Unamtaka? Lipa hongo. Nataka asali, na si hii yenu ya kuuzia wasafiri. Ya nyuki wadogo."

Tunu alicheka, maana ndivyo ilivyotakiwa. Alirudi nyumbani, akachukua kikombe cha asali ya nyuki wadogo ambayo Selemani aliiweka kwa dawa ya kikohozi, akaipeleka. Gaudensia alichovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Hii ni ya kisima cha kwanza," alisema. "Ugogo una visima vingi, mpagazi. Njoo kesho."

"Mgogo, jua linazama."

"Ndiyo maana misafara ililala njiani."

Watoto wa jirani waliokuwa wakichungulia walicheka, na Tunu naye akacheka nao. Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, aliona kitanda cha Gaudensia. Upande wa nje kilikuwa kimezuiwa kwa magunia yaliyojazwa pumba, ili anayelala asianguke. Kwenye kabati kila kitu cha kuvunjika kilikuwa kimepandishwa juu. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa akifanya mzaha wa jioni moja. Lakini Tunu angesemaje? Alitembea kurudi kwake, mgongo mwepesi. Mgongo ule ulikuwa ukimwuma kila siku kwa uzito wa mtoto, na sasa ulimwuma kwa kukosa.

Asubuhi simu ililia, na alikuwa Selemani, juu ya kichuguu chake. Tunu alimweleza yote. Alitumaini atasikia sauti ikibadilika.

Selemani alicheka mpaka akakohoa. "Umemgawa? Kwa Mgogo? Nikiwaambia hawa kambini watazimia."

"Baba Issa, amelala huko. Hakulala kwangu."

"Si yuko kwa mama mtu mzima? Mpe anachotaka mchezo uishe. Ila usinune, mke wangu, utatutia aibu. Mtani haka—" Hapo mtandao ukakata.

Alimwambia Mwanamkuu alipokuja kupima sketi. Mwanamkuu naye alicheka. Kila aliyemwambia alicheka, na kila kicheko kilimfungia mlango. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hakuna aliyemwambia Tunu afanye nini pale anayeumwa na usaha ni yeye peke yake.

*

Siku ya pili alikwenda na kanga mpya, doti nzima, ambayo hajaifungua. Uani kwa Gaudensia palikuwa na watu. Habari ilikuwa imetembea, na mtaa haukuwa na burudani nyingine wiki hiyo. Gaudensia aliipokea kanga, akaikunjua, akaisifu, akajifunga.

"Sasa tumefika kisima cha mwisho," alisema. "Hapa hongo ni moja tu. Bebeni beseni, mleteeni mpagazi mzigo wake. Azunguke uani akiimba kama babu yake, tuone kama damu bado ipo."

Walipiga makofi. Mtu alileta beseni lenye kuni ndani. Tunu alilitia kichwani. Alijiambia ni mzunguko mmoja, kisha atamchukua mwanawe aende zake. Akaanza kuzunguka. Alikumbuka kipande cha wimbo wa kazi ambao bibi yake aliuimba kwa Kinyamwezi akitwanga, akauimba. Vijana walimfuata nyuma wakiigiza mwendo wake. Mwanamke mmoja alikuwa ametoa simu anapiga picha.

Issa alikuwa mapajani mwa Gaudensia. Alimwona mama yake akipita na kuni kichwani, akafurahi. Akapiga makofi pamoja na wengine. Kisha akajilaza kwenye kifua cha Gaudensia, kichwa chini ya kidevu chake, kama alivyokuwa akijilaza kwa mama yake tu na kwa mtu mwingine hajawahi.

"Mzigo ni mwepesi huo," Gaudensia aliita, akicheka, mkono mmoja ukimpapasa mtoto mgongoni. "Ongezeni kuni."

Tunu alilitupa beseni. Kuni zilisambaa uani na kuku wakakimbia.

"Nipe mwanangu," alisema. Na kwa kuwa kilichofunguka hakikufungika tena, akaendelea. "Nipe mwanangu wewe mama. Wako wamekukimbia, hata Krismasi hawaji. Sasa unataka kuzeekea kwa wangu."

Watani husemana juu ya njaa, juu ya makalio, juu ya wafu wao. Kila aliyekuwa pale alijua maneno yanayopita na maneno yanayobaki, na haya yalibaki. Yule mwenye simu aliishusha. Gaudensia hakubadilika uso mara moja; kicheko kilichukua muda kumtoka, kama mtu aliyesahau kukiondoa. Kisha alimfuta Issa mdomo kwa pindo la kanga mpya. Akasimama, akamleta mpaka mikononi mwa mama yake.

"Mchukue, Mama Issa," alisema. "Samahani."

Hajawahi kumwita hivyo. Wala mtani haombi samahani. Alifungua ile kanga kiunoni, akaikunja vizuri kwa mikunjo yake ya dukani, akaiweka juu ya bega la Tunu. Issa alianza kulia akimnyooshea mikono Gaudensia, na ndivyo Tunu alivyotoka pale, mbele ya mtaa mzima, na mtoto wake mwenyewe akimpiga teke.

*

Nyumbani Issa alirudia kazi zake. Alimwaga unga. Alitia kitana ndani ya birika. Alificha kiatu kimoja cha kila jozi, na Tunu akavaa viatu vya rangi mbili kwenda dukani. Hayo yote aliyapokea bila kelele. Alikuwa amepata alichokitaka, na kila asubuhi alikaa kwenye cherehani akisikiliza njia.

Gaudensia alipita kama kawaida akitoka misa. Alisimama nje ya baraza.

"Hodi hapa. Umeamkaje, Mama Issa?"

Tunu alingoja. Mzaha haukufuata. "Salama," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Haya, mshukuru Mungu." Na akaenda.

Hakuna aliyewahi kumsalimia Tunu kwa heshima kubwa namna ile, na kila neno lilimwingia kama sindano iliyopita nguo ikafika kidole. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku moja alijikaza akamwita, "Mtoza hongo, nina matobolwa ya moto hapa, pita uyatukane." Gaudensia alitabasamu kwa adabu. "Nashukuru, mwanangu, nimekula."

Kuomba radhi hakuweza. Si kwa kiburi. Ukimwomba mtani radhi umekiri kwamba ulichosema ulikuwa ukikimaanisha, na hapo utani umekufa na kuzikwa. Tunu alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Aliona kwamba sinia, mawese, Mwanamkuu na mifuko iliyoinuliwa juu, yote aliweza kuyabeba kwa sababu ya mtu mmoja aliyeingia bila hodi. Alimkosa Gaudensia kuliko alivyomkosa Selemani. Alijishangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Njia ilikuwa moja tu, kuiba. Mtani akikunyang'anya kitu mchana kweupe amekuambia bado ni mtani wako. Ijumaa ya wiki iliyofuata, jua likiwa limepanda, alimshika Issa mkono akaenda uani kwa Gaudensia. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kizingitini akichambua mlenda. Tunu hakusalimia. Alimfukuzia jogoo mmoja pembeni, na Issa, ambaye kazi ya namna hiyo alizaliwa nayo, akamkingia kwa mbele akipiga mayowe. Jogoo alipita kati ya miguu yake, akampindua. Tunu alijigonga kwenye pipa, akaangusha ufagio, akamkamata kwa mkia, akamnyanyua juu.

"Nimechukua," alisema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Mwenye nguvu aje."

Gaudensia aliinua macho, akayarudisha kwenye mboga. Tunu alitembea kurudi kwake polepole, polepole sana, akimpa mtu nafasi ya kupata tusi zuri. Njia ilikuwa fupi na tusi halikuja.

Alimfunga jogoo kwenye nguzo ya baraza. Akakanda unga wa chapati kwa sababu mikono ilitaka kazi, na Issa akatia yake yote miwili. Baada ya muda akasikia, "Hodi."

"Karibu."

Gaudensia alikuwa na sahani mkononi. Juu yake kulikuwa na vitunguu, nyanya na kipande cha tangawizi. Aliiweka juu ya meza ya cherehani, mbali na ukingo, mahali ambapo mtoto hafiki.

"Nimeona nikuletee viungo," alisema. Hakukuwa na mwiba katika sauti, na Tunu aliutafuta. "Kama ulikuwa na shida ya kitoweo, Mama Issa, ungesema tu. Ningekupa."

Akageuka kuondoka. Issa aliruka kutoka kwenye unga, akamkimbilia, akamshika kanga kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Unga mbichi ulishika kwenye kitambaa safi cha buluu. Gaudensia alisimama. Hakumgusa. Alisubiri, kama mtu mwungwana anavyosubiri mwenye mali aje kuchukua mali yake.

"Mtoto wako," alisema.

Tunu alikuwa amekwisha kusimama ili amchukue. Akaketi tena. Alitafuta mzaha wa kusema, akakosa, akatafuta maneno ya heshima, nayo hayakutosha.

"Nenda naye, mama," alisema. "Sikugawii. Ni wangu. Lakini nenda naye, mimi nitakuja jioni na huyu jogoo tule wote. Peke yangu siwezi. Nilidhani ninaweza."

Gaudensia alimtazama. "Huo ni utani, au ni kweli?"

"Ni kweli."

Mama yule alimtazama Issa aliyekuwa akiivuta kanga. Kisha aliinama kwa shida, akamnyanyua pamoja na unga wake, akamweka kiunoni.

"Basi uje," alisema. "Usibebe kigoda. Viti ninavyo, hakuna wa kuvikalia."